Jioni ni ya kusahihisha, likizo ni ya kusoma mswada mzima

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Swali la wiki hii limenigusa kweli: mtu mwenye ajira ya kutwa anaandaaje kitabu chake cha kwanza cha hadithi fupi mpaka kikafika kwa mchapishaji? Najibu nikiwa ndani ya shughuli hiyohiyo, mimi ni mhasibu, naingia asubuhi natoka jioni, na mwisho wa mwezi tukifunga hesabu hapo hadithi zinasubiri.

Swali kama hili kawaida utasikia watu wanajibu amka alfajiri, andika saa moja kila siku, basi. Sikatai, kwa kuandika hadithi ushauri huo unafaa sana, maana hadithi fupi inavumiliana na mtu wa ajira, unaweza kuibeba kichwani njia nzima ya kwenda kazini na ukifika nyumbani ukaandika aya mbili ukalala. Anton Chekhov, yule mwandishi wa hadithi fupi wa Urusi, alikuwa daktari anatibu watu huku anaandika. Mwandishi mwingine, Franz Kafka, alikuwa mwajiriwa wa taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi kule Prague, na kitabu chake cha kwanza kilichotoka mwishoni mwa 1912 kilikuwa cha vipande vifupi vifupi. Kwa hiyo kuandika inawezekana. Ila kuandaa kitabu ni kazi ingine kabisa, hapa hadithi umeshaziandika miaka kadhaa, zimekaa kwenye mafaili, kila moja ilizaliwa na hali yake, na sasa unataka zikae pamoja zionekane kitu kimoja. Na kazi za kuandaa mswada hazifanani, ziko ambazo unaweza kuzifanya umechoka na hamna kitakachoharibika, na ziko ambazo ukizigusa umechoka unaharibu hadithi nzuri. Mtu wa ajira akishazitenganisha hizo mbili amepona.

Nianze na za jioni. Mimi nilitengeneza jedwali, kila hadithi na mstari wake: jina, idadi ya maneno, nafsi inayosimulia, wahusika na majina yao, inatokea wapi, inaanzaje, inaishaje, na iliwahi kutoka wapi. Kazi ya namna hii inafanyika hata macho yakiwa mazito, na faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Jedwali likikamilika unaona mswada una ukubwa gani (mikusanyiko mingi huwa kati ya maneno 30,000 na 60,000, ila kila mchapishaji ana kipimo chake), unaona kwamba wahusika wawili wa hadithi tofauti wanaitwa jina moja, unaona hadithi karibu zote zinasimuliwa na mtu anayesema "mimi" na huyo "mimi" anafanana fanana kila mahali.

Ile safu ya mwisho, ya hadithi iliwahi kutoka wapi, isichukuliwe kirahisi. Kama hadithi ilishachapishwa kwenye jarida au ndani ya kitabu cha waandishi wengi, tafuta makubaliano uliyosaini usome, uliwapa haki ya kuchapisha mara ya kwanza tu, au uliwapa haki zote? Ziko tofauti kama mbingu na ardhi. Kama uliwapa zote inabidi uombe ruhusa kwa maandishi, na barua hiyo iandikwe mapema kwa sababu majibu yanaweza kuchukua muda mrefu. Na wewe uliyeajiriwa soma pia mkataba wako wa ajira, baadhi ya mikataba ina kipengele kinachosema kazi unayobuni ukiwa kazini au kwa vifaa vya kazini ni mali ya mwajiri. Hadithi haihusiani na hesabu za kampuni, lakini kwa nini ujiweke kwenye mabishano? Andikia kwenye laptopu yako, saa zako, emeili yako, yaishe.

Kazi ingine ya jioni ni kuwinda maneno unayoyarudia. Hadithi ikiwa peke yake huwezi kuona, zikikaa pamoja zinakusema. Weka zote kwenye faili moja alafu tafuta yale mazoea yako. Kwangu mimi ilikuwa "alishusha pumzi ndefu". Yaani kila mtu kwenye kitabu anashusha pumzi ndefu, mama kashusha, mwalimu kashusha, dereva kashusha, mpaka mtoto! Na "ghafla", na "machozi yalimlengalenga". Sasa hapa angalizo, jioni unaziwekea alama tu, usianze kuzirekebisha, maana mtu aliyechoka akifuta "alishusha pumzi" anaandika "alihema kwa nguvu" anaendelea, na hajatatua kitu. Ukiwa na kichwa kipya ndo unajiuliza kwani huyu mama hapa anafanya nini hasa na mikono yake, anamwangalia nani, na mara nyingi unakuta hata sentensi yenyewe haihitajiki.

Alafu chukua karatasi moja, upande mmoja nakili sentensi ya kwanza ya kila hadithi, upande wa pili ya mwisho. Bila maelezo mengine yoyote. Kama kuna kitu kimoja ningependa kila anayeandaa kitabu afanye, ni hiki. Mimi niliona hadithi nne zinaanza na mtu anaamka asubuhi, na tatu zinaisha na mtu anafunga mlango anaondoka. Zilipotoka moja moja hamna msomaji aliyelalamika, wala hakukuwa na sababu ya kulalamika, lakini anayezisoma mfululizo kwenye kitabu akifika mlango wa tatu anajua kabla hujamwambia. Mbili nikaziandika mwisho upya na moja nikaiacha na mlango wake kwa sababu pale mlango ndo hadithi yenyewe.

Sasa kazi za kichwa kipya. Kubwa kuliko zote ni kusoma mswada mzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kukatisha, na hii nasema kwa moyo wote, haifanyiki kwa saa moja moja. Ukisoma hadithi moja Jumatatu ingine Alhamisi, ukifika ya mwisho ya kwanza umeshasahau ilikuwa na hali gani, unakuwa umesoma hadithi kumi na moja, kitabu hujakisoma. Kwa hiyo omba likizo. Watu wanatunza siku za likizo kwa ajili ya safari na shughuli za familia na ni haki yao, lakini siku mbili zitolewe kwa kitabu, na uombe mapema kipindi ambacho ofisini hamna moto. Printi mswada, simu iwe chumba kingine, kalamu mkononi, soma kama mtu aliyeununua. Usihariri, weka alama tu pembeni pale ulipochoka, pale uliporuka mstari, pale uliposahau kwamba wewe ndo uliyeandika.

Baada ya hapo ndo unaweza kuchagua, na kuchagua kunauma. Kuna hadithi yangu moja ambayo watu wanaisifia kuliko zote, nimeitoa. Ni nzuri, naipenda, ila iliyobaki yote inahusu watu wanaotunza siri za wengine na yenyewe inahusu kitu kingine kabisa, ikikaa katikati inavunja. Itasubiri kitabu chake. Mtu asione hadithi iliyotolewa kama imetupwa, Alice Munro, mwandishi wa hadithi fupi wa Kanada aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2013, kitabu chake cha kwanza kilitoka 1968 baada ya kuandika hadithi miaka mingi huku analea watoto, muda upo.

Kuhusu mpangilio, wako wanaosema nzuri zote ziwekwe mbele ili mhariri asikate tamaa. Mimi naona ya kwanza iwe ile inayomfundisha msomaji namna ya kukusoma wewe, hata kama siyo kali kuliko zote, na nzito mbili zisifuatane. Majina niliyaandika kwenye vikaratasi nikavitandaza sakafuni, navihamisha hamisha kila nikipita.

Kutuma hakuna maneno mengi: soma masharti ya mchapishaji, anayetaka hadithi tatu mtumie tatu, kama hajasema basi herufi za saizi 12 na mistari iachane mara mbili, kurasa ziwe na namba. Na anayekuomba wewe hela ili akuchapishe, hata akikuita mwandishi wa aina yake, soma mkataba wake mara mbili na umpe mtu mwingine naye asome.

Mswada wangu ulikubaliwa na maoni ya mhariri yameanza kuja. Kitu cha kwanza nilichomwambia ni kwamba wiki ya mwisho ya mwezi sipatikani, akakubali bila shida, tukapanga tarehe za marekebisho na za kusoma prufu (kurasa za majaribio kabla kitabu hakijachapwa) katikati ya mwezi. Naye anapanga ratiba yake, kwa hiyo mwambie mapema, kabla ya kusaini.