Psycho na Topaz, kweli ni mtu mmoja?

SWALI: Mhariri, nimeangalia Psycho ya Hitchcock nikakosa usingizi, nikaweka Topaz nikasinzia, hivi kweli ni dairekta yuleyule?

JIBU: Ni yeye yule ndugu yangu, hahaha. Kwangu mimi namba moja ni Rear Window (1954), jamaa kavunjika mguu, kakaa tu dirishani anachungulia majirani, kamera karibu muda wote haitoki mle chumbani na bado moyo unakudunda maana unajua anachojua yeye, basi. Topaz (1969) sasa, wapelelezi kibao, nchi kibao, humjui hata wa kumwonea huruma, mpaka mwisho wake walishuti zaidi ya mmoja. Torn Curtain (1966) nayo imepoa, ila ile sini ya kuuana kule shambani, ndefu, bila muziki, usiiruke.