Herufi za pikseli: neno kwa wadogo wanaoanza kazi ya mabango

Wadogo zangu wa Lubumbashi, ipo siku mwenye chumba cha michezo kule komini ya Katuba au ya Kenya atakuja na picha kwenye simu akitaka "maandishi ya gemu za zamani". Kupata fonti si kazi. Press Start 2P, VT323 na Silkscreen ni za bure, na leseni yake inaruhusu kuchapa kazi ya kulipwa. Kazi iko kwenye kuzipanga.

Kwenye mashine nyingi za gemu za miaka ya 1980, kila herufi ilichorwa ndani ya nukta (pikseli) 8 kwa 8. Hiyo ni baiti 8 tu, maana kumbukumbu ilikuwa ghali. Press Start 2P imefuata herufi za mashine za Namco, kampuni ya gemu ya Japani, za enzi hizo. Kwa hiyo kwenye skrini iwekeeni ukubwa wa 8, 16, 24 au 32. Ukiweka 19, nukta moja inanenepa, jirani yake inakonda, na kingo zinaingia ukungu. Kwa bango, iacheni ibaki vekta, yaani mchoro usiopoteza ukali ukikuzwa. JPEG ndogo ikivutwa, programu inalainisha zile ngazi za kingo za herufi, halafu lawama zinamwangukia mchapaji.

Hesabu ya upana ifanyike kabla ya kukubaliana bei. Katika Press Start 2P kila herufi inakula nafasi sawa, hata I, hata nafasi tupu. LUBUMBASHI ni herufi 10: bango la mita 3 linaipa kila moja sentimita 30, tena bila ukingo. SALLE DE JEUX LUBUMBASHI kwa mstari mmoja inashuka hadi 12 na nusu. Mshawishini mteja akubali mistari miwili. Vibao vya taa navyo vina hesabu hiyo hiyo: moduli ya P10 (kipande cha kibao chenye taa zilizoachana milimita 10) ina taa 32 kwa 16, basi ni herufi 4 kwa mstari, mistari 2.

Panaposumbua zaidi ni alama zetu. Bango la hapa lina Kifaransa na Kiswahili pamoja. É haina pa kuweka mkwaju wake: ama herufi inafupishwa, ama mkwaju unagusa mstari wa juu. Na kile kialama cha ng' kinajitwalia chumba kizima, TUNANG'ARA ikasomeka kama maneno mawili. Isogezeni ARA kwa mkono, nukta nne hivi.

Saa za kazi na bei ziandikeni kwa fonti ya kawaida. Namba ya simu ndiyo kabisa, hasa ile ya kupokelea pesa: katika fonti hizi 8 na 6 zinatofautiana kwa nukta chache tu, na pesa ikienda kwa mwingine mtaitwa ninyi. Mteja aking'ang'ania, mwiteni mtu asiyeijua namba hiyo, aisome kutoka ng'ambo ya barabara kabla hamjachapa.