Re: Yankees walizingua kumwachia Soto?
Mkuu umeuliza kama Yankees, timu ya baseball ya New York, walizingua kumwacha mpigaji wao Juan Soto aende kwa majirani zao Mets. Mi nasema hapana, na siku ile Desemba 2024 niliumia kinoma aisee. Cheki hesabu, Mets wamempa dola milioni 765 kwa miaka 15, Yankees nao walifika milioni 760 kwa miaka 16, sasa hapo utasema walibana hela? Tena hela ya Soto hakuna kuahirisha, sio kama Shohei Ohtani, staa wa timu ya Dodgers, kati ya milioni 700 zake 680 atakuja kulipwa baadaye kabisa.

Ile hela Yankees wakaigawa kwa wachezaji wengine. Max Fried, mrushaji wa mkono wa kushoto, miaka 8 kwa milioni 218, na bahati nzuri walimchukua maana Machi 2025 mrushaji wao mkuu Gerrit Cole akaenda kufanyiwa upasuaji wa kiwiko msimu wote ukaisha hivyo, Fried akabeba timu, akashinda mechi 19. Mpigaji Cody Bellinger wakamtoa timu ya Cubs karibu na bure. Ila mpigaji mkongwe Paul Goldschmidt wa miaka 37 kwa milioni 12.5, hapo mi sikuelewa kabisa, ingawa ulikuwa mkataba wa mwaka mmoja tu so haikuuma sana.