Kiingilio cha laki mbili kwa mchezaji wa buku mbili

Ndugu yangu wa Uyole, umeuliza utaingiaje mashindano ya poka, mchezo wa karata, ya ana kwa ana Dar, kiingilio 200,000, wakati mtandaoni unacheza za 2,000. Usilipe yote mwenyewe! Tafuta mchujo mdogo, ambao zawadi yake ni tiketi ya kuingia mashindano makubwa: watu 10 wakitoa 20,000 kila mmoja, tiketi moja ya mshindi imepatikana, ukiacha makato ya waandaaji. Mmarekani Chris Moneymaker alianza na mchujo wa namna hiyo wa dola 86 mtandaoni, akatwaa World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka duniani, mwaka 2003.

Zikitolewa tiketi kadhaa, zote zina thamani sawa. Wa kwanza hapati zaidi. Chipu zako (vipande vya kuwekea dau) zikishatosha kukupa tiketi, tupa hata karata nzuri. Wengi huharibu hapo hapo.

Nauli na malazi tenga kwanza, Dar ni zaidi ya kilomita 800. Hela ya mbolea usiiguse, nakusihi.