Je, Taaluma ni jina la mtu?

Swali: Mimi na mume wangu tunatarajia mtoto wa kike, na mume wangu anataka tumwite Taaluma. Wifi yangu anapinga. Anasema hilo si jina, ni neno la vyuoni, tena limetokana na "mtaala". Asili yake hasa ni ipi, na linamfaa mtoto?

Jibu: Hongera sana, dada. Nianze na mtaala, maana hapo wifi yako ameteleza, na wanaoteleza hapo ni wengi. Mtaala na taaluma hukutana darasani kila siku lakini si ndugu wa damu. Mtaala unatokana na neno la Kiarabu la kusoma kwa makini, neno lililotupa pia kitenzi "kutaali". Taaluma ina shina lake, lenye herufi tatu za Kiarabu: ain, lam na mim. Shina hilo hubeba maana ya kujua, na ukoo wake katika Kiswahili ni mkubwa: elimu, mwalimu, mtaalamu, ulamaa, maalumu, hata alama.

Ukoo huu unanivutia kwa sababu kila neno lilipofika kwetu lilibadilika kidogo. Kiarabu husema "muallim". Waswahili waliisikia ile "mu" ya mwanzo kama kiambishi chao wenyewe cha ngeli ya M-WA, wakapata mwalimu na walimu, na leo hakuna anayehisi ugeni wowote ndani yake. "Maalumu" kwa Kiarabu ni kitu kinachojulikana. Kwetu ni kitu cha pekee, kilichotengwa kwa shughuli yake.

Sasa taaluma. Katika Kiarabu, "taallum" ni tendo la kujifunza, na "mutaallim" ni mtu anayejifunza. Sisi tukiita mtu mtaalamu, tunamaanisha bingwa. Neno lililomtaja mwanafunzi sasa linamtaja yule ambaye wanafunzi humwendea! Taaluma nayo ilipita njia hiyohiyo: kutoka tendo la kujifunza ikawa uwanja wa maarifa, au kazi inayodai mafunzo ya muda mrefu, kama sheria, udaktari na uhandisi. Kwa hiyo ukimwita binti yako Taaluma, msikilizaji wa leo atasikia habari za chuo na kazi, lakini mzizi wa jina unasema jambo la karibu zaidi na mtoto: kujifunza. Mimi maana hiyo ya mzizini naipenda kuliko ile ya juu.

Hoja ya wifi yako kwamba "si jina" ina ukweli mmoja, kwamba jina hili halijazoeleka. Lakini Neema, Furaha, Amani, Riziki, Baraka na Hekima yote ni maneno ya kawaida ya lugha, na watu wanaitwa hivyo bila mtu kushangaa. Mazoea ndiyo yaliyoyafanya majina. Tena kuna mfano uliokwenda kinyume. Neno "akademia" lilianza na jina la mtu: Akademos, shujaa wa visasili vya Wagiriki. Jina lake lilipewa kichaka nje ya Athens, Plato akafundisha hapo katika karne ya 4 KK, na shule ikaitwa kwa jina la mahali. Ikiwa jina la mtu liliweza kuwa neno la wasomi, sioni kwa nini neno la wasomi lisiwe jina la mtu.

Jambo ambalo hukuniuliza, na litakusumbua kila siku, ni upatanisho. Taaluma kama neno la kawaida iko katika ngeli ya I-ZI: taaluma hii imekua. Likishakuwa jina la mtu, linaingia A-WA bila mjadala: Taaluma amelala, Taaluma wetu ameota jino. Msiseme "Taaluma imelala" hata kwa utani, kwa sababu mtoto huyo atajifunza lugha kutoka vinywani mwenu. Katika kuandika, herufi kubwa itasaidia. Katika kusema, upatanisho pekee ndio utakaomwambia msikilizaji kama mnazungumzia binti au kazi ya mtu.

Kama mtashindwa kukubaliana, ukoo huohuo unatoa Alima, "mwenye kujua". Angalieni mambo mawili tu. Kwanza, Halima si jina hilo likiongezwa "h". Lina shina jingine kabisa, lenye maana ya upole na ustahimilivu. Pili, maandishi yetu hayatofautishi ain na alif, na kwa Kiarabu "alim" ya alif ni kitu chenye kuumiza. Anayejua Kiarabu akiuliza, mwambieni ni ya ain.

Ila kama mimi ningeulizwa nichague, ningebaki na la mume wako. Lina silabi nne, ta-a-lu-ma, na mkazo uko kwenye "lu". Ile "a" ya pili ndiyo alama iliyobaki ya ain, na ndiyo ambayo waandishi wenye haraka huimeza. Siku ya kuandikisha cheti cha kuzaliwa, hakikisha umeziona zote mbili kabla ya "l".