"Inchoate": maana yake, asili yake, na kwa nini wanasheria wanaipenda

Mkuu, umeuliza kwa nini kujaribu kutenda kosa, kula njama na kushawishi wengine watende kosa huitwa "inchoate offences" (makosa yasiyokamilika), na kama neno "inchoate" ni ndugu wa "chaos" (vurugu). Si ndugu. "Chaos" ni ya Kigiriki, hili ni la Kilatini. Yanafanana machoni tu, ndiyo maana wengi huandika "inchoate" wakimaanisha vurugu. "Inchoate" ni kitu kilichoanza lakini hakijakamilika. Kinaweza kuwa kimepangika vizuri kabisa, ila kimeishia njiani. Hutamkwa in-KO-et.

Asili yake ni kitenzi incohare, yaani kuanza, ambacho pia kiliandikwa inchoare. Kwa kawaida huhusishwa na cohum, ukanda uliofunga mti wa plau kwenye nira. Anayelima kwa maksai ataelewa mara moja: ukishakaza ukanda ule kazi imeanza, ingawa hujapasua hata mstari mmoja wa shamba.

Kwenye jinai maana hiyo hiyo imebaki. Soma kifungu cha 388 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, au cha 380 cha Tanzania. Kujaribu kunahitaji nia, kuanza kuitekeleza kwa njia inayofaa, na tendo la wazi linaloionyesha nia hiyo. Kuwaza peke yake hakutoshi. Na hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama: mtu akitia mkono mfukoni mwa abiria ili aibe, akakuta mfuko mtupu, bado amejaribu kuiba. Kutowezekana kwa sababu ya jambo asilolijua hakumwokoi.

Utalikuta neno hili pia kwenye hati za fedha, kama hundi. Sheria ya Uingereza ya hati hizo ya mwaka 1882, kifungu cha 20, inazungumzia "inchoate instruments": mfano, karatasi uliyosaini na kumkabidhi mtu ili aijaze iwe hati kamili. Anayeijaza anapaswa kufanya hivyo ndani ya muda unaofaa na kwa kiasi ulichomruhusu. Akizidisha, unaweza kumkatalia yeye. Lakini hati ikishajazwa na kufika kwa mtu wa tatu aliyeipokea kwa nia njema na kwa thamani, bila kujua kasoro yake, utailipa. Kwa hiyo usisaini hundi kabla ya kuandika kiasi, kwa tarakimu na kwa maneno, hata kama unayemwachia ni karani wako mwenyewe.