Chumba cha baridi: anzia chini ya mgongo

Mtu akisumbuliwa na baridi usiku huongeza blanketi la juu, kisha la pili, kisha koti juu ya hayo yote, na saa nane bado yuko macho, magoti kidevuni. Mimi chumba changu hakina hita, na anayeniomba ushauri humuuliza kwanza: chini umetandika nini?

Blanketi halitengenezi joto. Linachofanya ni kuzuia hewa iliyopashwa na mwili wako isitoroke. Sasa, ukilala, uzito wako unalibana godoro, hewa iliyomo inapungua, na kama ni sponji jembamba au lililochoka, joto la mgongo linapotelea chini hata ukijifunika gubigubi. Kwa hiyo chukua blanketi moja kati ya yale ya juu, ulitandike juu ya godoro, kisha shuka. La sufu ndilo ninalolipenda, maana halibonyei kirahisi. Kama godoro limelazwa sakafuni, linyanyue. Ikishindikana, tandaza maboksi yaliyokunjuliwa chini yake, na uwe unaliinua mchana, la sivyo litaota ukungu.

Kwa juu, mawili mepesi hushinda moja zito, kwa sababu kati yake kuna hewa. Lenye manyoya likae karibu na mwili, lililofumwa kwa kubana likae nje. Kichwa usikiingize ndani: pumzi ina mvuke, na mvuke huo unalowesha matandiko. Vaa kofia.

Miguu nayo ina mambo yake. Mwili unapojiandaa kulala hupunguza joto lake la ndani kwa kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ya mikono na miguu. Nyayo zikiwa za baridi kali, mishipa hujibana na usingizi unachelewa. Ndiyo sababu kuoga maji ya moto saa moja au mbili kabla ya kulala kunasaidia, na soksi pia. Ila ziwe soksi safi, zisizobana. Zile ulizoshinda nazo zina jasho hata kama hulioni.

Mfuko wa mpira wa maji ya moto ni kitu cha thamani, ukitumiwa kwa akili. Maji yasiwe yanayochemka, yajae theluthi mbili tu, hewa ikamuliwe kabla ya kufunga kizibo, na mfuko uvikwe kitambaa. Mimi huuweka kitandani kama dakika ishirini kabla, nikipanda nautoa. Mpira ukianza kupasuka, tupa, usiuonee huruma. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asiugusishe na ngozi, ataungua bila kujua.

Jiko la mkaa chumbani, hapana. Hata makaa yakiwa yameshika vizuri bila moshi hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta usingizini huenda asiamke. Hili sina mjadala nalo.

Pombe inapasha ngozi tu. Damu inakuja juu, joto linatoka.

Chumba chenyewe si lazima kiwe cha moto. Wengi hulala vizuri kwenye nyuzijoto 16 hadi 19, ingawa Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi wa mwaka 2018, linataka nyumba zisishuke chini ya 18 majira ya baridi, na wazee na watoto huhitaji joto zaidi. Mtoto mchanga usimrundikie mablanketi wala kumlaza na kofia. Mvalishe nguo za kutosha au mfuko wake wa kulalia.

Asubuhi usikimbilie kutandika. Kunjua matandiko, fungua dirisha kidogo, jasho la usiku likauke. Ukifunika mara tu unapoamka, unyevu unabaki humo, na jioni utaingia kwenye shuka la baridi.